Uganda: Kwa nini nchi inayotembea sana bado inahimizwa kutembea?

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda, watu hukikwea kilima cha Mulago kwa miguu wakitokea Katanga, Kalerwe na Kamwokya. Wamo wauguzi, wafagizi, wanafunzi na jamaa waliobeba chakula cha wagonjwa wao. Ukiwauliza, ni wachache watakaokuambia kwamba wanafanya mazoezi. Wanatembea kwa sababu kazi iko juu na nauli haitoshi.

Juu ya kilima hicho ndipo ilipo Hospitali ya Rufaa ya Taifa ya Mulago, iliyoanzishwa mwaka 1913, pamoja na Taasisi ya Moyo ya Uganda. Huko hupokelewa wagonjwa wa moyo na wa kisukari, ambao huhimizwa kutembea zaidi. Huko huko hufikishwa majeruhi waliogongwa barabarani wakiwa wanatembea. Kampeni yoyote ya kuhimiza kutembea mjini Kampala haina budi kuwajibu wote wawili.

Takwimu zinasema nini?

Septemba 2018, watafiti wa Shirika la Afya Duniani, WHO, walichapisha matokeo ya uchunguzi kutoka nchi 168. Uganda ilionekana kuwa na kiwango cha chini kabisa cha watu wazima wasioushughulisha mwili vya kutosha: asilimia 5.5 tu. Nchini Kuwait kiwango hicho kilikuwa asilimia 67.

Hata hivyo, miezi miwili kabla ya hapo, Julai 8, Rais Yoweri Museveni alikuwa amezindua Siku ya Taifa ya Mazoezi ya Mwili. Je, kulikuwa na haja gani?

Jibu ni kwamba wastani wa nchi huficha mengi. Mkulima na mchuuzi wa sokoni huinua wastani huo, ilhali karani wa mjini huondoka nyumbani kwa gari, hukaa kitini mchana kutwa, na hurejea kwa gari. Aidha, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulibaini kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, na walio wengi hawakuwa na habari. Maradhi hayo yana sababu nyingi, ikiwemo chumvi, pombe na unene wa kupindukia, lakini kutembea ni miongoni mwa kinga zisizohitaji fedha.

WHO inashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Nusu saa ya mwendo wa haraka, siku tano kwa wiki, inatosha kufikia kiwango cha chini. Watoto na vijana wanahitaji wastani wa dakika 60 kila siku.

Katika jamii

Waganda hawahitaji kufundishwa kutembea pamoja. Kila mwaka, kuelekea Juni 3, mahujaji husafiri kwa miguu kwa siku kadhaa hadi Namugongo kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda, baadhi yao wakitokea nchi jirani. Mbio za kuadhimisha siku ya kuzaliwa ya Kabaka wa Buganda nazo hukusanya umati mkubwa, na wengi humaliza kwa kutembea.

Kasoro ya matukio ya aina hii ni kwamba huja mara moja kwa mwaka. Mjini Kigali, Rwanda, utaratibu wa siku isiyo na magari ulianza mwaka 2016, na baadaye ukawa wa Jumapili mbili kila mwezi. Barabara hufungwa, watu hutembea, na wanaotaka hupimwa shinikizo la damu na kisukari papo hapo. Faida yake ni mazoea, si sherehe.

Shuleni na kazini

Kwa shule, njia iliyo rahisi ni watoto wa mtaa mmoja kutembea kwa kundi, wakiongozwa na mzazi au mwalimu kwa zamu. Mtoto hupata mazoezi, na mzazi hupata utulivu wa moyo kuliko anapowaona watoto watatu wamepakiwa kwenye boda boda moja.

Kazini, hakuna ulazima wa kununua fulana wala kukodi bendi. Idara inaweza kuchagua siku moja kwa wiki ambapo wafanyakazi hushuka kituo kimoja kabla ya ofisi na kumalizia safari kwa miguu. Mwajiri akitenga mahali pa kunawa na kubadilisha viatu, wengi hushawishika.

Usalama kwanza

Mwaka 2023, zaidi ya watu 4,800 walifariki katika ajali za barabarani nchini Uganda, na waenda kwa miguu ni miongoni mwa waathirika wakuu. Serikali imekuwa na sera ya usafiri usiotumia injini tangu mwaka 2012, na katikati ya Kampala, barabara ya Namirembe na mtaa wa Luwum zilitengewa njia za majaribio za waenda kwa miguu na baiskeli. Kwingineko, mtu hugombania nafasi na boda boda, bidhaa za wachuuzi na mitaro iliyo wazi.

Kwa hiyo anayeandaa matembezi achague saa za mapema, awaarifu polisi na mwenyekiti wa LC1, na aipite njia yote mwenyewe kabla ya siku yenyewe. Kumbukumbu ya Aprili 2011 bado ipo, pale wapinzani walipotembea kwenda kazini kulalamikia kupanda kwa bei na kukabiliwa na polisi. Taarifa ya mapema huondoa shaka.

Matembezi hayo yanaweza pia kuwa ukaguzi. Washiriki wakiorodhesha kila mahali pasipo na kivuko au taa, na kuiwasilisha orodha hiyo kwa Mamlaka ya Jiji la Kampala, KCCA, watakuwa wamemsaidia hata yule muuguzi anayekwea Mulago alfajiri. Yeye hahitaji kuhimizwa kutembea. Anahitaji kufika salama.