"Ana upele": upele gani?

Darasani tunaona watoto wanajikuna, na tukimuuliza mama, jibu ni moja tu: "Mwalimu, ana upele." Dispensari anasema vile vile, na foleni inasonga. Lakini muuguzi anamwona mtoto leo tu. Wewe ndiye uliyemwona siku ya kwanza.

Upele wenyewe, ule wa kadudu kasikoonekana kwa macho, unapenda katikati ya vidole, kiunoni na matakoni, na kwa mtoto mchanga hata nyayo na kichwa. Unawasha zaidi usiku. Kama wanaolala mkeka mmoja wote wanajikuna, mwambie muuguzi, maana dawa inapakwa nyumba nzima siku moja, hata baba asiyewashwa. Aliyeambukizwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, na huku anawagawia wengine. Kupaka mtoto mmoja peke yake ni kupoteza dawa.

Mapunye ni duara kichwani, nywele zimekatika, ngozi inatoa kama unga. Hapo dawa ya kupaka peke yake haitoshi, anahitaji vidonge.

Surua inaanza na homa, kikohozi, mafua na macho mekundu. Siku chache baadaye vipele vinatokea nyuma ya masikio na usoni, halafu vinashuka mwilini. Vitabu vinasema "vipele vyekundu", lakini kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri. Pitisha mkono, utasikia ngozi inakwaruza. Mapema kabisa unaweza kuona ndani ya mashavu vidoa vyeupe kama punje za chumvi. Mtoto huyo asije shule wala asikae katikati ya foleni. Tuma mtu atangulie kumwambia muuguzi. Na angalieni kadi: hapa Tanzania chanjo hiyo ni miezi 9 na tena miezi 18.

Sasa mpox, ambayo wengi wanaiulizia kwa hofu, na hawana kosa. Kwa binadamu ilitambuliwa kwanza mwaka 1970 kwetu Kongo, kwa mtoto wa miezi 9 huko Equateur. Mwaka 2023 aina mpya ilianza kuonekana Kamituga, Kivu ya Kusini. Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura Agosti 2024, likaiondoa Septemba 2025, lakini ugonjwa haukuisha siku hiyo.

Watu wanaichanganya na tetekuwanga. Vipele vya tetekuwanga vinakuja kwa zamu: pahali pamoja utakuta kipele kipya, lengelenge la maji na kigaga kikavu, na vingi viko kifuani na mgongoni. Vya mpox, mara nyingi vya eneo moja vinalingana, ni vigumu ukivigusa, vingine vina kishimo katikati. Vinafika viganjani na nyayoni, na mitoki inavimba shingoni au kwenye kinena. Hata waganga wanakosea bila kipimo, kwa hiyo usikate shauri nyumbani, na tafadhali usimpachike mtoto wa jirani jina la ugonjwa pale bombani.

Kabla hamjaenda, kijana wenu anayesoma aandike kwenye karatasi. Mfano: "Jumatatu homa. Jumatano vipele usoni, leo tumboni. Havimuwashi. Vyote vina maji. Dada yake hana." Maneno hayo machache yanamsaidia muuguzi kuliko "ana upele" mara kumi. Na msipake majivu wala dawa ya rangi kabla hajaonwa, mnafunika kila kitu.

Kuna moja tu lisilosubiri karatasi. Mtoto ana homa, na ngozi ina madoa ya zambarau. Bonyeza doa kwa gilasi inayopitisha mwanga; kwa mtoto mweusi tafuta nyayoni, viganjani na ndani ya kope. Kama halipotei, mbebe uende naye hata kama ni saa nane ya usiku.