Mpaka wa Kufupisha Maandishi ya Kiingereza

Zamani aliyelipia simu ya maandishi kwa hesabu ya maneno alijua kuwa maneno mengi yaweza kuachwa na maana isipotee. Je, yaweza kuachwa hata kufika wapi? Claude Shannon wa Marekani alilitafutia swali hili jibu la hesabu katika makala zake za mwaka 1948 na 1951.

Herufi za Kiingereza ni 26, na nafasi baina ya maneno ni alama ya 27. Kama alama zote zingetokea sawasawa, pasipo kufuatana kwa kanuni, kila moja ingehitaji biti 4.75, na biti ni kiasi cha jibu moja la ndiyo au siyo. Lakini lugha haiendi hivyo. E hutokea mara nyingi, Z mara chache. Na Q ikitokea, U hufuata karibu kila mara, basi U hiyo haituarifu jambo jipya.

Shannon alimfichia mtu maandishi, akamtaka azikisie alama moja moja. Katika mfano mmoja wa alama 102, 79 zilipatikana kwa kisio la kwanza. Kwa majaribio ya namna hii alikadiria kuwa, msomaji akijua herufi 100 zilizotangulia, kila herufi huwa na biti baina ya 0.6 na 1.3 tu. Mwaka 1978 Cover na King walitumia njia ya kuwekeana dau, wakapata kadiri ya 1.3.

Hapa ndipo ulipo mpaka. Ukifupisha kupita kiasi hicho kwa wastani, habari mbili mbalimbali zitapata ufupisho mmoja, na msomaji hataweza kuzitenga. Wala tusidhani kuwa ziada ile ni upuuzi: kwa sababu yake twaweza kusoma barua iliyoingia maji.

Yafaa tukumbuke kuwa vipimo hivi ni vya Kiingereza. Katika "vitabu vyangu viwili vimepotea", neno la kwanza hutangulia kutuonyesha mwanzo wa maneno yanayofuata. Lakini shina la kila neno bado limefichika. Haifai, basi, kuhamisha tarakimu za Shannon na kuzivika Kiswahili. Jaribio lenyewe halihitaji ila maandishi, karatasi, na wasomaji wenye subira, nasi tunao.