Kwa Nini Daktari Huacha Kumsikiliza Mgonjwa?

Mara nyingi tunasikia waamini wakilalamika, "Daktari hakuniangalia hata usoni." Dawa ameandika, lakini mgonjwa anarudi nyumbani hajasikilizwa. Je, ni ugumu wa moyo tu?

Kwanza tueleze tunachozungumzia. Wanafalsafa huita empathia ule uwezo wa kutambua anachopitia mwenzetu kwa upande wake, huku tukijua kwamba maumivu ni yake, si yetu. Edith Stein, yaani Mtakatifu Teresa Benedikta wa Msalaba, aliandika juu ya jambo hili tasnifu aliyoitetea mwaka 1916 chini ya Edmund Husserl. Mwaka 1915 alikuwa amewauguza askari katika hospitali ya Msalaba Mwekundu. Kwa hiyo empathia haimtaki daktari alie na kila mgonjwa. Inamtaka amwelewe, na mgonjwa aone kwamba ameeleweka.

Faida yake si faraja tu. Utafiti uliotolewa mwaka 2012 huko Parma, Italia, ulihusu wagonjwa wa kisukari zaidi ya 20,000. Wale waliotibiwa na madaktari wenye alama za juu za empathia walipatwa mara chache zaidi na matatizo makali ya kulazwa hospitalini.

Ni mambo gani basi huikuza au kuidhoofisha?

La kwanza ni malezi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo cha Jefferson, Philadelphia, walionyesha kwamba empathia ya wanafunzi wa udaktari ilishuka katika mwaka wa tatu, yaani wakati ule ule wanapoanza kuhudumia wagonjwa wodini. Huko mwanafunzi humtazama mkubwa wake. Akimsikia akisema "yule wa ini, kitanda cha nne," naye atajifunza kuona ini badala ya mtu. Aristoteli alifundisha kwamba fadhila hupatikana kwa mazoea. Na kilema pia ndivyo.

La pili ni muda. Hapa waseminari tunaguswa moja kwa moja. Mwaka 1973 Darley na Batson walitoa matokeo ya jaribio lao na wanafunzi 40 wa seminari ya Kiprotestanti ya Princeton, Marekani. Njiani kila mmoja alimkuta mtu ameinama, akikohoa na kuugulia. Kati ya waliokuwa na nafasi, asilimia 63 walimsaidia. Kati ya waliokuwa na haraka sana, asilimia 10 tu. Baadhi yao walikuwa wakienda kuhutubia juu ya Msamaria Mwema, na hilo halikuleta tofauti kubwa. Haraka ndiyo iliyoamua.

La tatu ni uchovu. Daktari aliyekesha zamu, mwenye foleni ndefu mlangoni, hujilinda kwa kufunga hisia zake. Asipopumzika, kujilinda huko hugeuka tabia.

Hatusemi kwamba daktari hana wajibu. Hata katika dakika tano anaweza kumwita mgonjwa kwa jina na kumwacha amalize kueleza. Lakini kumhubiria upendo huku tukimwachia wagonjwa wasiohesabika ni kumdai matunda bila kumwagilia mti. Wenye kuendesha hospitali, zikiwemo zetu za Kanisa, wapange zamu zenye pumziko na kuwapa vijana walezi wanaojua kusikiliza.

Nasi waseminari tujipime mapema. Kesho tutakuwa na vigango vingi, na mgonjwa atatuita tukiwa tumeshachelewa Misa.