Majitaka na Ziwa Letu (2): Bakteria na Zamu za Oksijeni

Katika sehemu ya kwanza tuliona jinsi nitrojeni ya mkojo na kinyesi inavyolisha gugumaji katika Ghuba ya Winam, upande wa Homa Bay. Leo tuwatazame bakteria wanaoiondoa.

Nitrojeni hufika kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka hasa ikiwa amonia. Bakteria wa kundi la kwanza, Nitrosomonas wakiwemo, huifanya nitriti. Wa kundi la pili huigeuza nitriti hiyo kuwa nitrati. Wote ni walaji wakubwa wa oksijeni: gramu 1 ya nitrojeni ya amonia hudai karibu gramu 4.6. Oksijeni iliyoyeyuka majini ikishuka chini ya miligramu 2 hivi kwa lita, nao huzorota.

Basi tupulize hewa tu, yaishe? La. Nitrati nayo ni mbolea. Ikiingia Mto Migori, ambao maji yake huishia ziwani, gugumaji litanawiri vilevile. Kuna kundi la tatu, ambalo nalo hupendelea oksijeni. Ikikaribia kwisha, ndipo huigeukia nitrati, likaipumua na kuiachia nitrojeni irudi angani. Lakini oksijeni ikiwa ya kusuasua, haitoshi wala haijaisha, kazi hukatikia njiani na kutoa oksidi ya naitrasi, gesi inayoipita kabonidioksidi zaidi ya mara 250 kwa kuongeza joto duniani.

Katika mabwawa, mfumo wa miji mingi ya Kenya, oksijeni nyingi hutoka kwa mwani, si kwa mashine. Adhuhuri maji ya juu huwa ya kijani na oksijeni tele; alfajiri imepungua mno, na katika tope la chini haipo usiku wala mchana. Kwa hiyo anayechota sampuli saa sita mchana pekee hupata nusu ya habari. Apime pia kabla ya jua kuchomoza, juu na chini, ndipo ajue kundi lipi linafanya kazi na lipi limekwama.

Amonia iliyopita bwawani bila kushughulikiwa itadai oksijeni ileile ziwani, kwenye maji wanayopumulia ngege wa vizimbani. Mfugaji wa samaki ana haki ya kuuliza vipimo hivyo.

Wiki ijayo: mafunjo ya kando ya ziwa na mchango wake katika kazi hii.