Malaria: adui mwenye seli moja tu



Ukienda kupimwa malaria katika hospitali kama ile ya Kibagabaga, jijini Kigali, mpimaji hupaka tone la damu yako kwenye kioo na kulitazama kwa hadubini. Je, anatafuta nini?

Anatafuta kiumbe chenye seli moja. Seli ni sehemu ndogo kabisa yenye uhai. Mwili wako una matrilioni ya seli zilizogawana kazi, lakini kimelea cha malaria ni seli moja inayojitosheleza: inakula, inakua, inazaana. Mbu akikuuma, vimelea huenda kwenye ini, kisha huingia katika seli nyekundu za damu. Kwa saa 48 hivi kimoja huwa zaidi ya kumi, seli ya damu hupasuka, na homa hupanda.

Ndiyo maana dawa ya mseto humezwa siku 3. Homa ikishuka, vimelea vingine bado vimo. Kabla sijawa mhudumu wa afya, niliacha vidonge siku ya pili nikamwekea mdogo wangu. Baada ya wiki mbili nilirudishwa kituoni nimebebwa.

Tena mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba Rwanda, hata Masaka jijini Kigali, kumepatikana vimelea vinavyoanza kuzoea artemisinini, dawa iliyomo katika mseto. Tusivisaidie.

KUMBUKA:
- Ukiona homa, pimwa ndani ya saa 24.
- Maliza dozi, hata ukipata nafuu.
- Usigawane dawa.
- Lala ndani ya chandarua.