Bandia, Mnemba au Unde: Kuhusu Istilahi ya Akili ya Mashine

Mtu aliyekatwa mguu akapewa mguu bandia hutembea. Mtu aingiaye Soko la Majengo, hapa Dodoma, na noti bandia hukamatwa. Sifa ni moja, lakini maana zake ni mbili. Katika mfano wa kwanza, bandia ni kitu kilichotengenezwa ili kishike nafasi ya kile cha asili na kutenda kazi yake. Katika wa pili, ni kitu kinachojifanya kuwa kile ambacho sicho. Istilahi "akili bandia" ilipoanza kuandikwa haikueleza ni bandia ya namna gani, na wafasiri walioitumia, sisi tukiwamo, hatukuulizana.

Swali hilo ndilo hasa lililowagawa wanafalsafa. Mwaka 1950, Mwingereza Alan Turing alipendekeza tuache kubishana kama mashine inafikiri au la, bali tuipime kwa majibu yake: mtu akiihoji kwa maandishi asiweze kuitofautisha na binadamu, basi yatosha. Kwa Turing huu ni mguu bandia. Ikiwa unatembea, twataka nini tena? Jina lenyewe lilibuniwa Marekani mwaka 1955, katika andiko la John McCarthy na wenzake la kuomba fedha za mkutano uliofanyika Chuo cha Dartmouth mwaka uliofuata.

John Searle alimpinga Turing mwaka 1980 kwa mfano wa mtu aliyefungiwa chumbani na maandishi ya Kichina. Tuuhamishie mfano huo kwetu. Karani Mgogo asiyejua neno hata moja la Kisandawe anapokea, kupitia tundu la mlango, barua za Kisandawe kutoka Kwa Mtoro. Anacho kitabu cha kanuni kinachomwambia: ukiona alama hizi, andika alama zile. Majibu yake ni sahihi, na walioko nje wanaamini kuwa ndani yumo Msandawe. Lakini karani haelewi kitu. Kwa Searle, hii ni noti bandia, hata ikipita mikono mingapi sokoni.

Mtafsiri aliyeandika "bandia", kumbe, alikuwa ameingia katika ugomvi huo bila kujua. "Akili mnemba", ambayo sasa imeenea katika nyaraka za Serikali na vyombo vya habari vya Tanzania, inamwepusha na lawama hiyo, kwa kuwa wasomaji wengi hawakuwa na mazoea yoyote na neno "mnemba". Ni chombo kitupu kinachongoja kujazwa. Huo ni wepesi wake, na pia ni udhaifu wake darasani, maana mwalimu hawezi kulieleza kwa kulishika mkono neno jingine. "Akili unde" inatokana na kuunda, na inasema asili ya kitu bila kukitia unafiki: jahazi huundwa, na bado ni jahazi kweli. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo iliyo wazi kuliko zote, ingawa hatudhani kwamba mtumishi wa Mtumba aliyekwisha kuzoea "mnemba" ana sababu ya kuiacha.

Uzito, hata hivyo, umo katika nomino. "Akili" tumeipata kwa Waarabu, na katika Kiarabu ina undugu na kamba ya kumfunga ngamia mguu asitoroke. Akili ni kizuizi. Mzazi anayemwambia mwanawe "huna akili" aghalabu halalamikii hesabu zake. Analalamika kwamba hakujizuia. Alexis Kagame wa Rwanda, katika kitabu chake cha mwaka 1956, aliona kwamba katika Kinyarwanda akili ndiyo mpaka baina ya *umuntu* na *ikintu*, yaani mtu na kitu. Hata mnyama yuko upande wa kitu. Kiswahili kimepitisha mpaka mahali pengine: kasuku *amejibu*, lakini kompyuta *imejibu*, hata kama jibu la kompyuta ni bora mara mia. Lakini tusijenge falsafa nzima juu ya ngeli. Kisandawe si lugha ya Kibantu na hakina ngeli kama zetu, wala hatujasikia kuwa Wasandawe huchanganya mtu na kitu.

Hatari tunayoiona iko katika vitenzi. Kila aliyewahi kupanga foleni ofisini amesikia kwamba "mfumo umegoma". Kugoma ni tendo la mtu mwenye nia, na anayeambiwa hivyo hurudi nyumbani bila kujua amlalamikie nani. Sasa mfumo ukipewa jina la akili, barua itaandikwa: "Akili mnemba imeamua kutokukubalia ombi lako." Sarufi yake haina kosa. Ila ile kamba haimo ndani yake, na ofisa aliyetia saini ametoweka katika sentensi.

Kwa hiyo, mfasiri au mwandishi wa barua za serikali aweza kusema kwamba akili mnemba, au unde, imekokotoa, imepanga, imechambua, imetoa jibu. Kuamua, kuridhia, kukataa na kusamehe tunapendekeza viandikwe kwa nafsi ya mtu, pamoja na cheo chake: "Baada ya maombi kuchambuliwa kwa akili mnemba, Ofisa Ardhi ameamua..."