Uliposti Mzoga. Je, Mvua Uliposti?

Ukishuka matatu Kimana saa sita mchana, kitu cha kwanza kukiona si ndovu. Ni nyanya. Kreti kwa kreti, magunia ya vitunguu, na watu wa bodaboda wanaokuita "boss" hata kama mfukoni una nauli ya kurudi tu.

Mimi ni wa Kitengela. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilikataa, nikabaki na simu na bando. Kwa hivyo Oktoba 2022, nilipoenda Kimana kumtembelea binamu yangu, nilifanya kile ambacho hata wewe ungefanya. Nilikuta punda milia amekufa kando ya barabara, nikarekodi, nikaposti. Laiki zilimiminika. Nilifurahi, sitakudanganya.

Binamu yangu huendesha gari la watalii. Wiki mbili baadaye akanipigia: "Bro, wageni wangu wa Desemba wamekata safari. Wanauliza kama wanyama wameisha. Nyinyi mnaposti mizoga tu!" Sijui kama waliona video yangu. Lakini sikuwa na la kumjibu.

Usinielewe vibaya. Mizoga ilikuwa ya kweli. Mvua ilikuwa imekosa misimu minne mfululizo, na wa tano ulikuwa unaelekea kuko huko. Novemba 2022 Wizara ya Utalii ilitangaza kwamba ndovu 205, nyumbu 512 na punda milia 381 wa kawaida walikufa nchini kati ya Februari na Oktoba. Eneo la Amboseli lilikuwa miongoni mwa yaliyoumia zaidi. Kuficha hayo kungekuwa uongo.

Shida ni kwamba tulisimulia nusu ya hadithi. Mvua ya Machi 2023 ilirudi, nyasi zikaota. Wangapi kati yetu tulirudi na simu zetu? Mtalii wa mbali hajui msimu umebadilika. Kwake, Kimana bado ni ule mzoga. Ukame uliisha, lakini binamu yangu aliendelea kukaa bila kazi miezi kadhaa.

Na si ukame pekee. Mei 2024 mto Talek ulivunja kingo kule Maasai Mara, kambi zikafurika, watalii na wafanyakazi wakaokolewa kwa helikopta. Mwaka mmoja unaomba mvua, mwingine unaikimbia.

Sasa, kujiandaa ni nini? Kwanza ni ardhi. Hifadhi ya jamii ya Kimana, iliyoanzishwa miaka ya 1990, iko kwenye njia ya wanyama wanaotoka Amboseli kuelekea Chyulu na Tsavo. Kiangazi kikibana, ndovu hufuata maji na malisho. Ukimwekea ua, umemfungia njaani. Ndiyo maana shamba la maparachichi lilipowekwa karibu na njia hiyo, kelele zilipigwa mpaka NEMA ikafuta leseni yake. Wengine walisema ni kuwanyima watu kazi. Ni hoja nzito, hasa kwa sisi tusio na kazi. Lakini njia ikizibwa, kazi za kambini, za udereva na za kuuza shanga zitakwenda na wanyama.

Pili, kujikwamua pia kuna gharama. Baada ya ukame wa 2009 kuua nyumbu na punda milia wengi Amboseli, simba walianza kuvizia ng'ombe. Februari 2010 KWS ikaanza kusafirisha punda milia kutoka Soysambu kuwapeleka huko. Fikiria malori yamebeba punda milia, ili simba apate chakula na mfugaji alale.

Tatu ni mfuko wako. Kama unaishi kwa watalii, usiishi kwa watalii pekee. Binamu yangu na madereva wenzake sasa wana chama: kila safari, kila mtu anaweka sh200, na hazitolewi mpaka wageni wapotee. Tena amekodi kipande cha shamba, analima vitunguu. Pia husoma taarifa za ukame za NDMA za Kajiado, zinazotoka kila mwezi. Ziko wazi mtandaoni, bure. Wewe umewahi kuzifungua?

Kwetu sisi wenye simu, ombi langu ni dogo. Ukiposti maafa, andika tarehe na mahali. Halafu mambo yakitulia, rudi uposti tena.

Mimi nilirudi, nimechelewa, nikarekodi nyasi za kijani na punda milia wakila bila haraka. Waliotazama ni watu 83. Binamu yangu hakucheka. Aliichukua video hiyo akaitumia kila mgeni aliyekuwa amekata safari.